"Hilo Nililijua!": Mtazamaji wa Nyumbani na Chemsha Bongo ya Televisheni

Chakula kimekwisha kuondolewa, taa ya barazani imezimwa, na watu wanne wameikabili televisheni. Mwendeshaji wa kipindi anauliza: ni sayari ipi inayotumia muda mrefu zaidi kujizungusha yenyewe mara moja kuliko muda inaoutumia kulizunguka jua? Shemeji yangu, ambaye hupenda kukaa mbele ya wote, anapaza sauti: "Utaridi!" Kisha, baada ya kumwona mshindani mmoja akisitasita, anaongeza: "Au Mshtarii." Jibu linatolewa. Ni Zuhura, ambayo hujizungusha mara moja kwa siku 243 za dunia yetu, na hulizunguka jua kwa siku 225. Shemeji anajipiga paja. "Hilo nililijua! Lilikuwa hapa hapa!"

Asemapo hivyo hasemi uongo, na hilo ndilo jambo linalostahili kuchunguzwa. Mtu mwenye kusema uongo anajua kwamba anasema uongo. Shemeji anaamini kwa moyo safi kwamba jina la Zuhura lilikuwa limekwisha kumjia, na kwamba ni ulimi tu uliokwenda upande mwingine. Mimi nami, ingawa nilikaa kimya, nilihisi vivyo hivyo, na ningeapishwa usiku ule ningaliapa kwamba nililijua. Je, tulilijua kweli? Na ikiwa hatukulijua, ni kitu gani kilichotufanya tudhani hivyo? Maswali haya mawili yamewashughulisha wanasaikolojia kwa muda wa miaka sitini hivi, na baadhi ya majaribio yao yanafanana mno na yale yanayotokea sebuleni mwetu kila tunapotazama chemsha bongo.

MCHEZO WENYEWE

Vipindi vya maswali na majibu vilianza redioni kabla ya kuhamia kwenye televisheni. Katika Marekani ya miaka ya 1950 vilipendwa kupita kiasi, na kupendwa huko karibu kuviangamize. Tarehe 5 Desemba 1956, katika kipindi kilichoitwa Twenty-One, mwalimu wa chuo kikuu Charles Van Doren alimshinda Herbert Stempel mbele ya mamilioni ya watazamaji. Watu walimwona Van Doren akikunja uso, akijifuta jasho, akinong'ona peke yake, na mwishowe akilifikia jibu kama mtu aliyepanda mlima. Tarehe 2 Novemba 1959 alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba alikuwa akipewa maswali na majibu mapema, na kwamba hata namna ya kusitasita alikuwa amefundishwa. Mwaka 1960 sheria ilitungwa kupiga marufuku udanganyifu wa namna hiyo. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu moja tu: mamilioni ya watu waliokuwa wakikisia majibu majumbani mwao walitazama mtu asiyefikiri, nao wakaamini kwamba wanamwona akifikiri. Alama za kujua na alama za kujifanya kujua hufanana sana zikitazamwa kwa nje, na kama tutakavyoona, hufanana hata zikitazamwa kwa ndani.

Kutokana na fedheha hiyo kilizaliwa kipindi ambacho hadi leo ni mashuhuri kuliko vingi vya aina yake, nacho ni Jeopardy! Mwanzilishi wake, Merv Griffin, alisimulia kwamba wazo lilitoka kwa mkewe Julann, aliyemwuliza kwa nini washindani wasipewe majibu waziwazi, kisha wao wakatakiwa kutoa maswali. Kipindi kilianza tarehe 30 Machi 1964, na kwa mtindo wake wa sasa kinaonyeshwa tangu tarehe 10 Septemba 1984, kikiwa kimeongozwa na Alex Trebek hadi kifo chake tarehe 8 Novemba 2020. Katika kila pambano kuna maelezo 61: thelathini katika duru ya kwanza, thelathini katika duru ya pili, na moja la mwisho. Washindani ni watatu, na kila mmoja ana kitufe mkononi.

Kitufe hicho ndicho kinachomtenga mshindani na mtazamaji wa nyumbani. Mshindani haruhusiwi kubonyeza mpaka mwendeshaji amalize kusoma na taa ziwashwe pembeni mwa ubao, na akitangulia hufungiwa kwa robo ya sekunde, muda unaotosha kabisa kwa mwenzake kumpiku. Mwezi Februari 2011, mashine ya Watson iliyoundwa na kampuni ya IBM ilipowashinda mabingwa wawili, Ken Jennings na Brad Rutter, sehemu kubwa ya mabishano yaliyofuata haikuhusu elimu ya mashine hiyo bali wepesi wake wa kubonyeza. Mtazamaji wa nyumbani hana kitufe, hana taa, hana fedha ya kupoteza, na hana jirani atakayemcheka kesho yake sokoni. Huyasoma maelezo kwenye ubao kabla hayajamalizwa kusomwa. Huyaacha yale asiyoyataka bila hata kukumbuka kwamba ameyaacha. Na mshindani wa kwanza akikosea, huliondoa jibu hilo katika orodha yake na kubakiwa na njia fupi zaidi. Haya yote ni msaada, na hakuna anayeuhesabu.

NENO LILILO KWENYE NCHA YA ULIMI

Tuanze kwa kumtetea shemeji. Ile hisia ya kwamba neno liko hapa hapa si ndoto tupu. Mwaka 1965 mwanasaikolojia Joseph Hart, wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliwapa wanafunzi maswali ya maarifa ya jumla. Kwa kila swali lililowashinda aliwauliza: je, unahisi kwamba ungelitambua jibu kama ungeliona? Kisha akawaonyesha majibu manne wachague moja. Ilionekana kwamba pale mwanafunzi aliposema "nahisi ninalijua", alilitambua jibu sahihi mara nyingi zaidi kuliko pale aliposema "hili silijui kabisa". Maana yake ni kwamba akili ina aina ya daftari la bohari: inaweza kujua kwamba mzigo fulani umo ndani hata wakati ambapo mlango umekataa kufunguka.

Mwaka uliofuata Roger Brown na David McNeill, wa Chuo Kikuu cha Harvard, walikwenda mbali zaidi. Waliwasomea wanafunzi maana za maneno adimu, mathalan chombo cha mabaharia cha kupimia pembe baina ya jua na upeo wa bahari, wakawaomba walitaje neno lenyewe. Waliokuwa na neno kwenye ncha ya ulimi, kama tusemavyo na sisi, hawakuweza kulitamka, lakini katika zaidi ya nusu ya nyakati waliweza kuitaja herufi yake ya kwanza, na mara nyingi waliweza kukisia idadi ya silabi zake. Walitaja pia maneno mengine yenye mlio wa kufanana na lile walilolitafuta. Kwa hiyo neno halikuwa limepotea lote; lilikuwa limechomoza mkia tu.

Lakini daftari la bohari si bohari. Katika jaribio la Hart wako pia waliohisi kwamba wanajua, na majibu yalipowekwa mbele yao wakachagua lisilo. Hisia ile inatokana kwa sehemu na mambo yasiyohusiana na jibu lenyewe. Swali likiwa na maneno tuliyoyazoea, kama vile sayari, jua, kuzunguka, akili hujiona iko nyumbani na kudhani kwamba jibu nalo limo humo humo ndani. Shemeji aliwahi kusoma vitabu kadhaa vya nyota katika ujana wake. Alikuwa akiijua nyumba, chumba hakukijua.

KUMBUKUMBU INAYOJISAHIHISHA

Hadi hapa tumezungumzia muda kabla ya jibu kutolewa. Hila kubwa zaidi hutokea baadaye.

Mwezi Februari na mwezi Mei 1972, Rais Richard Nixon wa Marekani alifanya ziara mbili zilizoshangaza ulimwengu, moja nchini China na nyingine katika Umoja wa Kisovieti. Baruch Fischhoff na Ruth Beyth, waliokuwa Chuo Kikuu cha Kiebrania mjini Yerusalemu, waliwaomba wanafunzi wakadirie kabla ya safari hizo uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea, kwa mfano kama Nixon angekutana na Mao. Ziara zilipokwisha, wanafunzi wale wale waliombwa wayakumbuke makadirio yao wenyewe. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1975, yalikuwa kwamba kwa yale mambo waliyoamini yametokea, wengi walikumbuka kwamba walikuwa wameyapa uwezekano mkubwa kuliko walivyoandika kwa mikono yao. Hawakuwa wamedanganya. Habari mpya ilikuwa imeingia katika kumbukumbu ya zamani na kukaa humo kama mwenyeji.

Mwaka 1977 Fischhoff alichapisha jaribio lililo karibu zaidi na mada yetu. Alitumia maswali ya maarifa ya jumla, akawapa watu majibu sahihi, kisha akawaomba wajibu kama ambavyo wangejibu iwapo wasingeambiwa. Walishindwa. Walijiona kuwa wangejua mengi zaidi kuliko walivyojua wenzao ambao hawakuambiwa kitu. Hata walipoonywa kuhusu kosa hilo na kuhimizwa wajitahidi, onyo halikuwafaa. Naomba msomaji alitue jambo hili moyoni, maana ndilo shina la makala haya: jibu likishasikika, mtu hawezi tena kuipima kwa nia njema peke yake hali yake ya dakika moja iliyopita. Mlango umefungwa nyuma yake. Kitu pekee kinachoweza kumpa habari za upande ule ni alama aliyoiacha kule kabla ya kuvuka.

HESABU YA SEBULE

Kuna chanzo kingine cha kujidanganya ambacho sijakiona kikizungumzwa sana, nacho hakihitaji saikolojia bali hesabu ya kidato cha pili. Tuseme watu wanne wanatazama kipindi, na kila mmoja anajua majibu 30 katika kila maswali 100. Uwezekano wa mmoja kutojua ni 0.7. Ikiwa ujuzi wa mmoja hautegemei ujuzi wa mwingine, uwezekano wa wote wanne kutojua ni 0.7 mara nne kwa kuzidishana, yaani 0.24. Basi katika maswali 76 kati ya 100 sauti moja angalau itapaa sebuleni ikiwa na jibu sahihi. Kila mtu ataondoka akikumbuka kwamba "tulijibu karibu yote", wala hatakumbuka kwamba sehemu yake ilikuwa chini ya theluthi.

Watu nao hawagawani sifa kwa mizani. Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly, nchini Kanada, waliwauliza wake na waume, kila mmoja kwa faragha, ni sehemu gani ya kazi za nyumbani aliyoifanya yeye. Walipojumlisha madai ya mume na ya mke, mara nyingi jumla ilipita kazi yote iliyokuwapo. Jitihada zako unazikumbuka kwa kuwa ulikuwapo zilipofanyika. Za mwenzako ulikuwa jikoni. Sioni sababu ya kudhani kwamba majibu ya chemsha bongo yanakwenda kwa kanuni nyingine.

Hesabu hiyo hiyo ina upande wake wa kheri. Katika kipindi cha Uingereza cha Who Wants to Be a Millionaire?, kilichoanza tarehe 4 Septemba 1998, mshindani hupewa majibu manne, na akikwama anaweza kuwaomba waliohudhuria wapige kura. Tuseme wako watu 100, na kumi tu ndio wajuao. Tisini waliobaki wanabahatisha, na kura zao zinatawanyika sawasawa, takriban 22 au 23 kwa kila jibu. Jibu sahihi litapata kura kama 32, na litaonekana wazi ingawa tisa katika kila kumi hawakujua kitu. James Surowiecki, katika kitabu alichokitoa mwaka 2004, alieleza kwamba katika kipindi cha Marekani cha aina hiyo ukumbi ulipatia kwa asilimia 91, na rafiki aliyepigiwa simu kwa asilimia 65. Takwimu hizo ziangaliwe kwa tahadhari, kwa kuwa maswali yanayopelekwa ukumbini huenda yakawa mepesi kuliko yale anayopelekewa rafiki. Hata hivyo, kanuni yenyewe ni ya kweli, mradi tisini wale wasipotoshwe wote upande mmoja.

NANI ANAONEKANA MJUZI

Sasa nifike kwenye jaribio ambalo lilinifanya niandike. Mwaka 1977 Lee Ross, Teresa Amabile na Julia Steinmetz wa Stanford waliwapanga wanafunzi wawili wawili, na kwa kura tupu mmoja akawa mwuliza maswali na mwingine akawa mjibuji. Mwuliza alitakiwa kutunga maswali magumu 10 kutoka katika mambo anayoyajua yeye. Mjibuji, kama ilivyotarajiwa, alishindwa mengi. Kisha wote waliombwa wapime kiasi cha elimu ya jumla cha kila mmoja. Waliojibu walimwona mwuliza kuwa mjuzi mno kuliko wao. Watazamaji wa pembeni waliona vivyo hivyo. Walioonekana kutodanganyika sana ni wauliza wenyewe, kwa kuwa walijua jinsi walivyokwepa kila jambo wasilolijua. Kila mtu chumbani aliiona kura ikipigwa, na bado hakuna aliyeitia hesabuni.

Wazee wetu waliufahamu uwezo huu wa mwenye swali. Atakayesema "Kitendawili!" na kuitikiwa "Tega!" ndiye bwana wa uwanja, na anayeshindwa kutegua hana budi kutoa mji. Lakini katika mchezo ule zamu huzunguka, na aliyepokea mji sasa hivi ataudaiwa baada ya punde. Darasani zamu haizunguki. Na sebuleni kwetu pia haikuwa ikizunguka, maana shemeji, mbali ya kujibu kwa sauti kubwa kuliko wote, ndiye aliyekuwa akiwageukia wengine na kuuliza, "Haya, nani anajua hili?" pale ambapo yeye alikuwa analijua.

Binti yetu wa darasa la sita hakuwahi kujibu. Ripoti ya shule yake ilikuwa imesema kwamba hashiriki darasani. Mimi na mama yake tulikuwa tumekwisha kukubaliana, bila kutamka neno, kwamba mtoto huyu ni mpole na mtiifu lakini si wa masomo ya sayansi, na tulikuwa tumeanza kuwaza shule ya kumpeleka kwa mujibu wa maoni hayo. Ushahidi wetu ulikuwa nini? Ripoti moja, na ukimya wake mbele ya televisheni.

PENSELI

Mpangilio wa kujipima nyumbani upo tayari, na uligunduliwa na wapenzi wa mchezo wenyewe. Huko Marekani wafuasi wa Jeopardy! hutumia hesabu inayoitwa kwa jina la Karl Coryat, aliyeshindana katika kipindi hicho mwaka 1996. Mtu hujiongezea thamani ya kila maelezo aliyoyapatia, hujipunguzia akikosea, hapati wala hapotezi kitu akinyamaza, na huacha nje kamari zote pamoja na lile swali la mwisho. Kwa thamani zinazotumika tangu mwaka 2001, alama ya juu kabisa inayowezekana ni 54,000. Ubora wa njia hii si katika tarakimu zake, bali katika sharti lake: kosa lina gharama. Anayepaza majibu mawili kwa pupa, kama "Utaridi, au Mshtarii", hupunguziwa, na mwenye kunyamaza kwa haki haadhibiwi.

Sisi tulirahisisha. Kila mtu alipewa karatasi na penseli. Jibu liandikwe kabla ya mshindani yeyote kujibu, na asiyejua aandike "sijui". Pembeni mwa jibu kila mmoja aliweka alama ya uhakika: 1 kwa kubahatisha, 2 kwa kudhani, 3 kwa kuapa. Kusema kulikatazwa. Shemeji alilalamika kwamba tumeugeuza mchezo kuwa mtihani, na jioni ya kwanza ilikuwa kweli ya kuchosha.

Jioni hiyo, katika maswali 30, shemeji alipata 11 na binti akapata 14. Nilitaka kupiga kelele, lakini inafaa kuheshimu hesabu hata inapotunyima furaha. Mtu ambaye kwa wastani hujua majibu manne katika kumi, akipewa maswali 30, matokeo yake yatapanda na kushuka kwa karibu maswali matatu kwa sababu ya bahati tu ya maswali yaliyoulizwa. Tofauti ya matatu haithibitishi kitu. Tukaendelea kwa jioni nane, maswali 240. Mke wangu alipata 104, binti 97, mimi 91, na shemeji 88. Hata hizi hazitoshi kumvika mtu taji, ingawa mama watoto ana maoni tofauti. Jambo lisilohitaji kanuni yoyote ni kwamba mtoto tuliyemdhania hajui alikuwa anajua kiasi kile kile wanachojua watu wazima watatu. Tulipomwuliza kwa nini hakuwahi kusema, alijibu kwamba alikuwa akikaribia kusema, halafu mjomba alikuwa amekwisha kusema.

Mambo mengine mawili yalionekana katika karatasi zile. La kwanza ni kwamba maswali 171 kati ya 240 yalipatiwa na mmoja wetu angalau. Lau ujuzi wetu usingetegemeana tungetazamia kama 208. Upungufu ule ni kipimo cha jinsi tunavyofanana: tumesoma magazeti yale yale, tumesikiliza redio ile ile, na penye giza kwa mmoja aghalabu pana giza kwa wote. La pili ni kwamba usemi wa "hilo nililijua" ulipotea nyumbani kwa juma zima. Haikuwa kwa sababu tulikuwa tumepata unyenyekevu. Neno "sijui" lilikuwa limeandikwa pale kwa mwandiko wa mtu mwenyewe, na halikuwa na pa kukimbilia.

FAIDA ISIYOTARAJIWA

Nilianza jambo hili kwa ajili ya kupima, lakini kuandika jibu kabla ya kuliona kunafanya zaidi ya kupima. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walikisoma kifungu mara ya pili. Wengine, badala ya kurudia, walijaribu kukiandika kutoka kichwani. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele, kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojitahidi kukumbuka walikuwa na asilimia 56, na waliorudia kusoma walikuwa na 42. Ile kazi ya kukichimbua kitu kutoka kichwani ndiyo inayokizamisha. Mwanafunzi anayesoma daftari lake mara tano usiku wa kuamkia mtihani, kila mara akijiambia "hili nalijua, na hili nalijua", ni ndugu wa damu wa mtazamaji wa chemsha bongo.

Hata kukosea kuna thamani yake. Brady Butterfield na Janet Metcalfe wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha mwaka 2001 kwamba makosa ambayo mtu aliyafanya kwa uhakika mkubwa ndiyo yanayosahihishika kwa urahisi zaidi akishapewa jibu la kweli. Mtu angedhani kinyume, kwamba kosa lenye mizizi litakuwa gumu kung'oa. Yamkini ni mshtuko wa kukanushwa unaoizindua akili. Lakini ili mshtuko huo upatikane sharti mtu awe amejifunga kwa jibu fulani. Anayejisahihishia kumbukumbu kimyakimya hujinyima mshtuko, na pamoja nao hujinyima somo. Katika karatasi za shemeji, zile "3" zilizoangukia pabaya ndizo anazozikumbuka mpaka leo. Mwulize habari za Zuhura wakati wowote, hata akiwa usingizini.

Kipo pia kipindi kile cha kungojea. Matthias Gruber na wenzake wa Chuo Kikuu cha California mjini Davis waliripoti mwaka 2014 kwamba mtu anapongoja jibu la swali linalomtia hamu, hukumbuka vizuri zaidi hata picha za nyuso zisizohusiana na swali ambazo huonyeshwa katika sekunde zile za kungoja. Hamu huifungua akili, na chochote kinachopita mlangoni wakati huo hupata nafasi ya kuingia. Ndiyo maana nawalaumu kidogo watayarishaji wa vipindi wanaoharakisha majibu. Sekunde tano za ukimya baada ya swali zingemfaa mtazamaji wa nyumbani kuliko muziki wa kutisha na taa za rangi. Wenye mashine za kurekodi wanaweza kuzisimamisha. Sisi tusio nazo tulikuwa tukipunguza sauti.

Karatasi tumeziweka katika bahasha, na suala la shule ya binti limefunguliwa upya. Siku hizi, Jumamosi jioni, yeye ndiye anayeuliza. Hutunga maswali 10 kutoka katika vitabu vyake vya sayansi na jiografia, huyaficha majibu chini ya mkeka, na kutukazia macho mmoja mmoja. Wiki iliyopita shemeji alipata matatu. Alitikisa kichwa akamwangalia mpwa wake kwa mshangao, akaniinamia sikioni na kusema kwamba mtoto huyu ana elimu nyingi ajabu kushinda sisi sote. Nilifungua kinywa nimkumbushe habari za lile jaribio la Stanford, lakini swali la nane lilikuwa limekwisha kusomwa, na penseli yangu ilikuwa butu.